Mabati yanaoza mapema Goma na Sake: ni mvua ya volkano, au tunauziwa bati jepesi?

#1 Mkazi wa Sake
Wanajukwaa, salaam. Naomba mchango wa wenye ujuzi kuhusu jambo linalotusumbua watu wa Sake na vijiji vya magharibi mwa Goma. Nyumba yangu iliezekwa kwa bati jipya la migongo midogo, na kabla sijamaliza kulipa deni la ujenzi tayari kutu imeonekana katika sehemu mbili: kuzunguka vichwa vya misumari, na pale bati moja linapolalia jingine. Katikati ya bati bado pana mng'ao wake. Nilipomrudia muuzaji alinijibu kwamba mali yake haina kasoro na kwamba hii ni mvua ya volkano, ambayo hakuna bati linaloiweza. Fundi wangu naye anasema volkano inasingiziwa tu. Kinachonichanganya ni kwamba nyumba aliyoijenga marehemu baba, katika kiwanja hicho hicho, ina bati la zamani lililofubaa kabisa lakini halivuji. Mvua ni ile ile. Nani mkweli kati yao?

#2 Mwalimu wa Kemia (Bukavu)
Ndugu Mkazi wa Sake, muuzaji wako ana hoja, hata kama anaitumia kukwepa kurudisha fedha. Nyiragongo na Nyamulagira zimo miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya gesi ya salfa dayoksaidi duniani kwa upande wa volkano, na gesi hiyo hutoka hata katika miezi ambayo hakuna mlipuko wowote. Ikifika mawinguni hubadilika polepole kuwa asidi ya salfuriki. Pamoja nayo hutoka hidrojeni kloraidi na hidrojeni floraidi, ambazo hazihitaji kusubiri, kwa sababu huyeyuka moja kwa moja katika matone ya mvua.

Tuelewane kwanza kuhusu kipimo. Maji safi kabisa yana pH ya 7, lakini mvua ya kawaida, hata mahali pasipo na moshi wowote, huwa karibu na 5.6 kwa sababu hewa ina kabonidayoksaidi inayotengeneza asidi dhaifu ndani ya tone. Kwa hiyo mvua kuwa na asidi kidogo si ajabu. Ajabu huanza namba inaposhuka zaidi ya hapo, kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi: mvua ya 4.6 ina asidi mara kumi ya ile ya 5.6, na mvua ya 3.6 ina asidi mara mia.

Sasa bati. Chuma chake kimevikwa zinki, na zinki ikikaa hewani hujitengenezea ngozi nyembamba ya kabonati inayoilinda. Ndiyo maana bati jipya hung'aa na bati la miaka hufubaa. Kule kufubaa ndiko kinga yenyewe. Mvua yenye asidi huiyeyusha ngozi hiyo na kuiosha, zinki inajenga nyingine, inaoshwa tena, mpaka zinki inakwisha na chuma kinabaki uchi.

#3 Fundi Paa (Mwanza)
Mwalimu, maelezo yako ni mazuri, lakini umeliruka swali lenyewe. Mwenye uzi amesema kuna mapaa mawili katika kiwanja kimoja, chini ya wingu moja, na moja limeoza wakati la zamani limesimama. Asidi ingekuwa ndiyo mwamuzi, la mzee ndilo lingetangulia.

Nimeezeka nyumba Mwanza, Geita na Bukoba, ambako hakuna volkano inayofuka, na bati la siku hizi linaoza huko huko. Watu huuliza geji tu. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32, ambayo ni kama robo ya milimita, na hadi hapo wengi wanajua. Wasilouliza ni uzito wa zinki iliyopakwa kwa kila mita ya mraba, na humo ndimo mteja anamoibiwa, kwa sababu bati mbili za geji moja zinaweza kutofautiana mno katika zinki na macho yako yasione tofauti yoyote siku ya kununua. Zote zinang'aa.

#4 Mama Maharagi (Rusayo)
Mimi si fundi wala mwalimu, ni mkulima, na naomba maharagi yangu yawe shahidi. Bati jepesi halichomi majani. Sisi tulio ubavuni mwa Nyiragongo tunajua kwamba kuna siku wingu la volkano linalala juu yetu, tunasikia ukali wake kooni, na ikinyesha mvua siku hiyo majani ya maharagi yanatoka madoadoa ya kahawia yenye ukingo mkavu, kuanzia ncha na pembeni, kana kwamba mtu ameyagusa kwa makaa. Sombe, yaani majani ya muhogo, huvumilia kidogo. Migomba hukauka kingo.

Nimeona pia kwamba manyunyu ni mabaya kuliko mvua kubwa. Mvua ikipiga kwa nguvu mpaka maji yakatiririka, madhara huwa machache. Yakishuka manyunyu ya nusu saa na kuacha matone yamekaa juu ya jani, kesho yake utaona mwenyewe.

#5 Mwalimu wa Kemia (Bukavu)
Mama Maharagi ameeleza jambo sahihi. Matone ya mwanzo ndiyo yanayosafisha hewa, kwa hiyo hubeba gesi nyingi ndani ya maji machache; mvua ikiendelea, asidi inazimuliwa na yale yaliyokwisha kudondoka huoshwa. Manyunyu hayafikii hatua hiyo ya pili, na tone likikaukia juu ya jani au bati linazidi kuwa kali kadiri maji yake yanavyopungua.

#6 Mtoto wa Meru (Arusha)
Tahadhari moja: msiseme "volkano" kana kwamba volkano zote ni ndugu. Huku kwetu tuna Ol Doinyo Lengai, ambayo lava yake ni ya kabonati za sodiamu, nyeusi inapotoka na nyeupe ikishakutana na unyevu, na hakuna volkano nyingine hai duniani yenye lava kama hiyo. Chini yake liko Ziwa Natron, ambalo maji yake yana besi, yaani kinyume cha asidi, kali kiasi cha pH 10 na zaidi. Ilipolipuka kuanzia Septemba 2007 majivu yalifunika malisho, na wafugaji wa Kimaasai walilazimika kuhamisha mifugo. Kwa hiyo anayesema volkano maana yake ni asidi aje aone magadi.

#7 Fundi Paa (Mwanza)
Mtoto wa Meru, hakuna uzi katika jukwaa hili ambao hujaupeleka Lengai. Juzi tulikuwa tunajadili bei ya mahindi ukafika huko huko.

#8 Mtoto wa Meru (Arusha)
Na mahindi nayo hulimwa katika udongo wa volkano, ndugu yangu. Tuendelee.

#9 Mkazi wa Lubumbashi
Nimesoma kuanzia juu na naona mmesahau kwamba asidi ya mvua haihitaji mlima. Sisi wa Katanga tumeishi nayo bila volkano hata moja. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, na mawe mengi ya shaba yaliyoyeyushwa humo yalikuwa na salfa, kwa hiyo kuyayeyusha kulikuwa ni kuitoa salfa kwa njia ya bomba la moshi. Upepo wa hapa katika kiangazi hutoka kusini-mashariki, na ukitazama ardhi iliyo upande wa pili wa bomba, kaskazini-magharibi, utaona umbo la pembe lililochorwa na moshi: miombo ilikufa, udongo ukabaki mtupu, na baadaye ukaota majani mafupi yanayovumilia shaba kuliko mimea mingine. Penga Penga ndiko kunakoonekana wazi zaidi.

Jambo la kuwahusu nyinyi ni hili. Moshi ulipopungua, udongo haukurudi ulivyokuwa, kwa sababu asidi haikuja peke yake bali ilishuka pamoja na vumbi la madini, na katika udongo wenye asidi madini hayo huyeyuka na kuingia katika mizizi kwa urahisi zaidi. Watafiti wa chuo kikuu cha hapa wamejaribu kuotesha nyasi na miti kwa kuchanganya chokaa na mboji katika mashimo. Chokaa ni besi, inapandisha pH na kuyafunga madini yasiyeyuke. Kwa hiyo Mkazi wa Sake asitazame bati tu. Atazame pia upepo wake unatoka wapi.

#10 Mkazi wa Sake
Ahsanteni. Upepo wetu, Ndugu wa Lubumbashi, kwa siku nyingi hutoka mashariki, na moshi wa Nyiragongo huonekana ukielekea kwetu na kwenye milima ya Masisi. Watu wa Goma mjini, ambao wako kusini mwa mlima, mara nyingi hawaupati kama sisi. Hata hivyo jibu la Fundi Paa kuhusu bati la baba bado linanikalia kichwani, kwa kuwa wote mlioandika baada yake hamjaligusa.

#11 Mfuatiliaji wa Virunga (Rubavu)
Naomba kusahihisha jambo moja ambalo wengi wanalichukulia kama lilivyokuwa zamani. Ziwa la lava la Nyiragongo, ambalo lilijengeka upya baada ya mlipuko wa 17 Januari 2002 na kuwa chanzo kikubwa cha moshi kwa karibu miaka ishirini, lilikauka katika mlipuko wa 22 Mei 2021. Kabla ya hapo lilikuwa limekauka kwa namna hiyo tarehe 10 Januari 1977. Kwa hiyo gesi ya eneo hili haitoki kwa kiwango kimoja siku zote, wala haitoki mlima mmoja. Kuna vipindi ambavyo Nyamulagira, iliyo karibu zaidi na njia ya upepo wa Sake, ndiyo inayotoa nyingi.

Labda hapo ndipo lilipo jibu la bati la baba. Kama liliezekwa katika kipindi ambacho gesi ilikuwa chache, lilipata muda wa kujenga ile ngozi ya kabonati aliyoitaja Mwalimu. Bati lako wewe huenda lilizaliwa katikati ya moshi.

#12 Fundi Paa (Mwanza)
Mfuatiliaji, hoja yako ingesimama kama ngozi hiyo ingekuwa haiyeyuki. Mwalimu katika #2 amesema inayeyuka na kuoshwa kila mara. Bati la mzee limenyeshewa na moshi wote wa 2002 hadi 2021 na bado lipo. Limesimama kwa sababu lilivikwa zinki nene. Mkazi wa Sake, hebu tujibu: paa la mzee lina mwinuko gani ukilinganisha na lako?

#13 Mkazi wa Sake
La mzee limesimama sana, la kizamani. Langu limelala, kwa sababu fundi alitaka kupunguza mbao.

#14 Fundi Paa (Mwanza)
Basi na hilo nalo liongezwe. Paa lililolala linachelewesha maji, na bati linalolala juu ya jenzake likibana maji katikati halikauki. Zinki isiyopata hewa haiwezi kujenga ngozi yake, inatoa unga mweupe tunaouita kutu nyeupe. Wakati mwingine kutu hiyo huanza kabla bati halijafika kwako, likiwa limepangwa kwenye lori na kunyeshewa safarini. Kagua bati zilizobaki, kama zipo, utazame kama zina mabaka meupe katikati ya mrundikano.

#15 Binti wa Himbi (Goma)
Mimi nina maelezo mengine kabisa. Goma tuna mazuku, yale mashimo na mabonde ambayo gesi inajikusanya na kuua mbuzi, mbwa na hata watu wanaopita alfajiri. Upande wa Bulengo tumezika waliolala mahali pasipofaa. Kama gesi hiyo inatoka ardhini usiku kucha, kwa nini tusiamini kwamba ndiyo inayokula mabati kutoka chini?

#16 Mwalimu wa Kemia (Bukavu)
Dada, pole kwa msiba. Mazuku ni kabonidayoksaidi, gesi isiyo na harufu na nzito kuliko hewa, na uzito huo ndio unaoifanya ilale bondeni pasipo na upepo na kumziba pumzi aliyeinama au aliyelala. Paa liko juu ya usawa huo. Isitoshe, asidi inayotokana na kabonidayoksaidi ni dhaifu, na gesi hiyo hiyo ndiyo zinki inayoihitaji ili kujenga kabonati. Bati lingepata mazuku zaidi, huenda lingefurahi.

#17 Binti wa Himbi (Goma)
Mwalimu, bati linafurahi na sisi tunakufa. Hii kemia yenu haina huruma.

#18 Nipo Bergen
Wakubwa, shikamooni. Ninaishi Norwei, na mjadala huu unanikumbusha ubishi uliofanyika huku kabla wengi wetu hatujazaliwa. Katika mito na maziwa ya kusini mwa nchi hii samaki walitoweka, na kwa muda mrefu kila mtu alikuwa na sababu yake: wengine walilaumu ugonjwa, wengine mabwawa ya umeme, wengine namna misitu inavyotunzwa. Mwaka 1967 mwanasayansi wa Uswidi, Svante Odén, aliandika gazetini kwamba mvua ya Skandinavia ilikuwa inabeba salfa ya makaa ya mawe kutoka nchi nyingine, hasa Uingereza na Ujerumani. Walioambiwa walikana. Mkataba wa kwanza wa kimataifa ulitiwa saini Geneva mwaka 1979, na kupunguza kwenyewe kukaja baadaye.

Samaki wale hawakufa kwa asidi peke yake. Asidi ilipopita katika udongo iliyeyusha aluminiamu, ikaipeleka mtoni, na aluminiamu ikaganda kwenye mashavu ya samaki mpaka wakashindwa kupumua. Mpaka leo serikali inamwaga unga wa chokaa katika baadhi ya mito ili samoni waweze kuishi. Hofu yangu ni kwa Ziwa Kivu: sambaza, wale dagaa wa ziwa hilo, watapona kweli?

#19 Mfuatiliaji wa Virunga (Rubavu)
Nipo Bergen, marahaba, lakini usiwaogopeshe wavuvi bure. Maziwa ya Norwei yako juu ya miamba migumu isiyo na chokaa, hivyo maji yake hayana kitu cha kuikabili asidi, na kidogo tu huyageuza. Ziwa Kivu ni kinyume chake. Maji yake ya juu yana besi, karibu pH 9, na yamejaa bikabonati, kwa hiyo asidi inayodondoka humo inamezwa na kunyamazishwa. Sambaza, ambao hata si wenyeji wa ziwa hili bali waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wana mambo mengine ya kuhofia, na mvua haimo.

Mwaka 1972 mji wa Sudbury, Kanada, ulijengewa bomba la mita 381 ili moshi wa nikeli na shaba usiwadhuru wenyeji. Hewa ya mjini ikapata nafuu, na salfa ikaenda kudondokea mbali zaidi. Bomba refu halipunguzi asidi hata kidogo, linabadilisha tu anwani yake.

#20 Nipo Bergen
Nimekuelewa. Kilichosaidia huku hatimaye kilikuwa kuuosha moshi kabla haujatoka: gesi inapitishwa katika maji yenye unga wa chokaa, salfa inashikwa na kugeuka kuwa jasi, ile ile inayotengenezewa mbao za dari. Asidi na besi zinakutana kiwandani badala ya kukutana ziwani. Ila sidhani kama kuna mkandarasi atakayekubali kazi ya kufunga mtambo huo juu ya Nyamulagira.

#21 Mpimaji
Acheni nadharia. Nilipokuwa Goma nilipima maji ya mvua kwa karatasi za pH, nikachota katika tangi la nyumba niliyofikia, nikapata 6 na wakati mwingine 7. Hakuna asidi ya kutisha hapo. Naungana na Fundi Paa.

#22 Mwalimu wa Kemia (Bukavu)
Ndugu Mpimaji, umepima tangi, hukupima mvua. Kabla ya kufika humo, maji yamepita juu ya zinki, na asidi imejitumia huko kwa kuila. Namba ya 6 uliyoiona inaweza kuwa ndiyo ushahidi kwamba bati limelipa. Kama tangi ni la saruji, saruji nayo ni besi na inapandisha pH zaidi. Vumbi la barabarani lililokaa juu ya paa hufanya kazi kama hiyo.

Pili, karatasi hizo hazifai kwa maji ya mvua, ambayo yana chumvi chache mno, kwa hiyo rangi hutokea polepole na mara nyingi si ya kweli. Anayetaka kupima aweke bakuli safi la plastiki mahali wazi, mbali na paa na miti, alitoe mvua inapoanza na si usiku uliotangulia ili lisikusanye vumbi, kisha atumie kipimo cha umeme kilichosawazishwa. Na apime matone ya mwanzo mbali na yale ya mwisho, kwa sababu ya lile alilolieleza Mama Maharagi.

#23 Mtoto wa Meru (Arusha)
Asiye na kipimo achemshe choya. Maji yake mekundu yakitiwa ndimu hukolea wekundu, yakitiwa magadi hugeuka kuelekea kijani. Hayatakupa namba, lakini watoto wataelewa somo.

#24 Mwanafunzi wa Jiolojia
Naomba kuongeza sababu ambayo haijatajwa. Volkano hizi hutoa pia majivu laini, na kila chembe ya majivu inapopita katika moshi hujipaka asidi na chumvi zake. Majivu hayo yakidondoka kiangazi hayaoshwi. Yanakwenda kukaa palepale alipotaja mwenye uzi: kwenye vichwa vya misumari na chini ya maungio ya bati. Usiku umande unayalowesha, na tone dogo la umande juu ya majivu yenye asidi linaweza kuwa kali kuliko mvua yoyote. Kwa maoni yangu kinachokula bati la Sake si mvua hasa, ni umande wa kiangazi. Mvua kubwa inaweza hata kuwa rafiki, kwa kuwa inasafisha.

#25 Mama Maharagi (Rusayo)
Mwanafunzi, hilo la umande nakubaliana nalo, maana majivu yakishuka tunafagia paa kabla jua halijachwa. Lakini usiseme mvua ni rafiki. Njoo uoneshwe shamba.

#26 Fundi Paa (Mwanza)
Majivu ya kushuka sawa, ila misumari ina maelezo rahisi zaidi. Ukipigilia msumari usio na mpira chini ya kichwa, nyundo inakwangua zinki na tundu linabaki wazi. Kutu lazima ianzie hapo, uwe Sake au Zanzibar.

Na niwaonye wanaokimbilia kuosha bati kwa maji ya majivu ya kuni au kulipaka chokaa ili "kuua asidi". Zinki ni ajabu katika jambo hili: asidi inaila, na besi kali nayo inaila. Nimeona bati likitoboka pale mwashi alipodondosha saruji mbichi na kuiacha. Bati la mchanganyiko wa aluminiamu na zinki hustahimili hewa ya asidi kuliko zinki tupu, lakini aluminiamu inachukia saruji mbichi kuliko hata zinki. Atakayenunua aina hiyo amlinde na mwashi.

#27 Mwanafunzi wa Jiolojia
Fundi, kwa hiyo umekubali kwamba hewa ya Sake ni ya asidi?

#28 Fundi Paa (Mwanza)
Nimekubali kwamba bati zuri lingeistahimili. Soma tena.

#29 Msimamizi
Tafadhali tusitaje majina ya viwanda na maduka ya bati katika uzi huu. Posti mbili zimeondolewa kwa sababu hiyo.

#30 Nesi wa Zamu
Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mmejadili bati kwa kina na hakuna aliyeuliza kuhusu anayekunywa maji yanayotoka juu yake. Katika ardhi ya lava ya Goma maji hupotea chini, mito hakuna, na familia nyingi hazina chanzo kingine zaidi ya paa na bidoni za ziwani. Maji yaliyoyeyusha zinki huwa na ladha ya chuma, na hilo si baya sana. La kuogopa ni madini ya risasi. Kisiwa cha Hawaii, ambako Kilauea ilikuwa ikitoa moshi mfululizo tangu 1983, mwaka 1988 iligundulika kwamba maji ya mvua ya matangi ya nyumbani katika wilaya ya Kona yalikuwa na risasi, iliyokuwa imeyeyushwa na mvua ya asidi kutoka katika vifaa vya paa na mabomba. Wenye mapaa ya kale watazame misumari yao. Ile yenye vichwa laini vya rangi ya kijivu, inayokwaruzika kwa ukucha, huenda ni ya risasi, na bati la zamani lililosifiwa hapo juu ndilo la kukaguliwa kwanza.

#31 Mkazi wa Sake
Dada Nesi, umenishtua. Bati la baba lina misumari ya namna hiyo, na tangi letu la kunywa linajazwa kutoka nyumba ile kwa sababu tuliiona ndiyo safi.

#32 Nesi wa Zamu
Basi maji ya paa hilo yatumieni kwa kufulia na kumwagilia, angalau mpaka yapimwe maabara. Ya kunywa na kupikia, hasa kwa watoto na wajawazito, tafuteni kwingine.

#33 Mtoto wa Meru (Arusha)
Kuna floraidi pia, na hapa mtaniruhusu kuizungumzia Meru. Sisi huku tuna meno ya kahawia kwa sababu ya maji ya chemchemi za volkano, na watoto wa vijiji vya Nyiragongo nao wanayo. Tofauti ni kwamba kwetu floraidi hutoka mwambani, wakati kwao inaweza pia kushuka na mvua, kwa kuwa ile hidrojeni floraidi ya #2 lazima iishie mahali. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Huko Iceland, mlipuko wa Laki wa 1783 uliua zaidi ya nusu ya mifugo, na floraidi iliyobaki malishoni ilihusika.

#34 Binti wa Himbi (Goma)
Je, nikiyachemsha floraidi inatoka? Nyumbani tunachemsha kila kitu.

#35 Nesi wa Zamu
Haitoki. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini maji yanapopungua kwa mvuke floraidi inabaki ile ile katika maji machache, kwa hiyo inazidi. Risasi nayo ni hivyo hivyo. Kwa floraidi, kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha kimefanyia kazi kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unaishika. Mkaa wa kuni hauifanyi kazi hiyo, msijaribu kuubadilisha.

#36 Mpimaji
Na maji ya mwanzo ya mvua yamwagwe, yasiingie tangini. Hilo halihitaji kipimo cha umeme, Mwalimu.

#37 Mwalimu wa Kemia (Bukavu)
Hapo sina ubishi. Unganisha bomba la kusimama kabla ya tangi, lijae kwanza, ndipo yanayofuata yapite. Mkazi wa Sake, ukipata nafasi ya kukata kipande cha bati la baba na kipande cha lako, niandikie kwa ujumbe wa faragha nikueleze jinsi ya kunifikishia; zinki inaweza kupimwa kwa kuiyeyusha katika asidi na kupima uzito uliopungua.

#38 Fundi Paa (Mwanza)
Akate pembeni, sehemu isiyopata mvua, chini ya kofia ya paa. Akikata katikati mtasema tena ni volkano.

#39 Mwanafunzi wa Jiolojia
Akate vyote viwili.